Sarafu yako ya Kirumi ni ya nani, na ina thamani gani?

Tangu watu wajue kwamba nakusanya sarafu za Kirumi hapa Uingereza, simu yangu haikosi picha. Mtu kanunua sarafu kwenye soko la vitu vikuukuu, au kaiokota bustanini alipopanga nyumba, na swali huwa lile lile: "Kaka, ina karibu miaka elfu mbili, si itakuwa mamilioni hii?" Jibu langu huwavunja moyo wengi. Umri peke yake haupandishi bei. Sarafu ndogo za shaba za karne ya 4, enzi za kaisari Constantine na wanawe, zimefukuliwa nyingi mno, na mpaka leo unaweza kuipata moja kwa pauni 5 hadi 20.

Kwa hiyo ijue kwanza, bei baadaye. Mimi huanza na mzani mdogo kama wa sonara. Dinari ya fedha ya enzi za Augustus ilikuwa na gramu 3.8 hivi, mwaka 64 baada ya Kristo kaisari Nero akaipunguza hadi karibu 3.4. Ukiuziwa dinari yenye gramu 5, uliza maswali. Tazama na ukingo wake: mshono unaozunguka pembeni au vitundu vya hewa usoni ni dalili kwamba ni bandia, imemiminwa kwenye kalibu, ilhali Warumi walizigonga kwa nyundo, moja moja. Ndiyo maana hakuna mbili zinazofanana kabisa. Muuzaji akikuonyesha tatu zenye mkwaruzo ule ule mahali pale pale, muage kwa adabu uende zako.

Kisha angalia kichwa. Kaisari aliyevaa taji la miale kama ya jua, kwenye sarafu ya fedha ya karne ya 3, yuko kwenye antoniniano, sarafu aliyoianzisha kaisari Caracalla mwaka 215. Ilianza ikiwa na fedha kama nusu hivi, lakini ndani ya miaka hamsini ikabaki shaba iliyopakwa fedha juu.

Maandishi ndiyo huwatisha watu, na bure tu. Herufi zimebanana bila nafasi, na V husimama badala ya U. IMP, CAES na AVG ni vyeo. Utavikuta karibu kila mahali, kwa hiyo viruke utafute jina. Ukiona DN (Dominus Noster, "Bwana Wetu") mwanzoni, basi uko kwenye karne ya 4 au baada yake. TR P yenye namba ni zawadi: ni kifupi cha mamlaka ya utribuni aliyokuwa nayo kaisari, na mamlaka hayo yalihesabiwa mwaka kwa mwaka na yanaweza kukupa mwaka wenyewe. Upande wa nyuma, chini kabisa ya picha, sarafu nyingi za karne za mwisho za dola ya Kirumi zina alama ya kiwanda kilichozigonga: SMANT ni Antiokia, ALE ni Aleksandria. Hata herufi nne tano zinazosomeka zinatosha kutafutia kwenye OCRE, hifadhidata ya bure ya American Numismatic Society. Nyingi nimezitambua humo bila kumlipa mtaalamu.

Sasa bei. Otho alitawala miezi mitatu tu mwaka 69, hivyo dinari yake hata ikiwa imechakaa hudai pauni mia kadhaa. Trajan alitawala miaka kumi na tisa, na yake nzuri huuzwa kwa sehemu ndogo ya hiyo. Lakini uchache nao si kila kitu. Dinari ya Tiberius si adimu hata kidogo, ila Wakristo wengi huamini ndiyo ile aliyoonyeshwa Yesu alipouliza sura na maandishi ni ya nani, basi bei iko juu. Ukitaka kujua soko lilivyo, tazama zilizokwisha kuuzwa mnadani. Bei anayoandika muuzaji ni ndoto yake.

Na tafadhali, usiisugue. Siki, limau, brashi ya waya, vyote viache. Ule ukoko wa kijani au kahawia wanunuzi wanaulipia, na ukishautoa haurudi.

Karatasi za asili yake pia zina uzito. Mwaka 2020 sarafu ya dhahabu ya Brutus, mmoja wa waliomuua Julius Caesar, yenye maneno EID MAR ya kukumbuka mauaji hayo, iliuzwa London kwa zaidi ya pauni milioni 3. Ikabainika kwamba hati za asili yake zilighushiwa, na mwaka 2023 ikarudishwa Ugiriki. Mimi sinunui kitu kisichoeleza kilikotoka, hata kiwe cha bei ya chai.

Kwa ninyi mnaookota huku England: sheria ya mwaka 1996 inahesabu kuwa hazina sarafu mbili au zaidi za dhahabu au fedha zilizopatikana pamoja, zikiwa na zaidi ya miaka 300, za shaba ni kuanzia kumi. Una siku 14 za kutoa taarifa. Mweleze pia mwenye ardhi, maana fidia ikitolewa naye kwa kawaida hupata sehemu yake.