Muulize Mjomba: Miaka yangu ya jeshi iko wapi kwenye pensheni?

Shikamoo Mjomba. Mimi ni mzaliwa wa Morogoro, sasa raia wa Marekani, naishi Fort Worth, Texas. Nilikuja kusoma, kisha mwaka 2009 nikaingia jeshini kwa ule mpango wa MAVNI, uliochukua wageni wenye lugha zinazohitajika jeshini, Kiswahili kikiwemo. Nilitumikia miaka minne kamili, nikatoka 2013 kwa heshima nikiwa na cheo cha E-4. Baadaye nilijiunga na Gadi ya Taifa, mazoezi ya wikiendi tu. Oktoba 2024 nikaajiriwa na serikali kuu kwenye hospitali ya maveterani. Karatasi yangu ya ajira, SF-50, kisanduku namba 31, inaonyesha Oktoba 2020, si 2024. Nikasema basi, minne yangu imeshaingia. Sasa mwenzangu kazini, Mganda mmoja, ananiambia bado, eti nilipe kwanza. Nilipe nini tena wakati niliitumikia kwa jasho? Na nikilipa, fedha ninazopata kila mwezi kwa ajili ya goti zitaguswa? Nimezaliwa Novemba 1981, nataka kustaafu nikifika miaka 62.
*Goti Bovu, Fort Worth*

Marahaba, mpwa wangu. Huyo Mganda mnunulie chai.

Ishike tena hiyo SF-50 usome maandishi madogo yaliyo juu ya tarehe. Ni tarehe ya kuhesabia likizo. Kwa upande wa likizo, miaka ya jeshi unapewa bure. Ndiyo maana wewe unapata saa 6 za likizo kila wiki mbili, na aliyeajiriwa siku moja na wewe bila kupitia jeshini anapata saa 4 mpaka afikishe miaka mitatu. Pensheni ina hesabu yake. Katika FERS, mfumo wa mafao ulio nao wewe, miaka ya jeshi ni sifuri mpaka uilipie. Nimefanya kazi ya utumishi muda mrefu, na sijaona tarehe iliyowalaza watu usingizi kama ile ya kisanduku cha 31. Mtu anakuja kuchukua fomu za kustaafu, sherehe imeshapangwa na ukumbi umelipiwa, ndipo anaambiwa miaka yake minne haimo.

Unauliza ulipe nini. Kila mshahara wako wa sasa unakatwa asilimia 4.4 kwenda kwenye mfuko huo. Jeshini hukukatwa hata senti kwa ajili yake. Kwa hiyo sheria inataka uchangie asilimia 3 ya mshahara wa msingi uliolipwa wakati ule. Wa msingi tu: posho ya nyumba na ya chakula hazimo. Tena ni mshahara wa E-4 wa wakati huo, si huu wa leo, na hapo ndipo penye utamu.

Tuseme kwa miaka minne ulilipwa mshahara wa msingi wa dola 96,000. Asilimia 3 yake ni dola 2,880. Sasa twende mwaka 2043, una miaka 62, kazini una miaka 19. Tuseme wastani wa miaka yako mitatu yenye mshahara mkubwa kuliko yote ni dola 70,000. Bila jeshi, unapata asilimia 1 kwa kila mwaka: 19 mara 700, yaani dola 13,300 kwa mwaka. Ukiwa umelipia jeshi, unakuwa na miaka 23. Na anayestaafu akiwa na miaka 62 au zaidi, na utumishi wa miaka 20 au zaidi, hupigiwa asilimia 1.1 kwa miaka yote. 23 mara 770 ni dola 17,710. Tofauti ni dola 4,410 kila mwaka mpaka unaingia kaburini, kwa dola 2,880 ulizotoa mara moja. Miaka minne ya jeshi imekuvusha mstari wa 20, ikainua na ile 19 ya kiraia. Mimi kwa kawaida siwaambii watu cha kufanya na fedha zao. Wewe nakuambia: lipa.

Lipa mapema pia. Miaka miwili ya kwanza haina riba, na riba ya mwaka wa tatu huandikwa mwaka huo ukitimia. Ukimaliza kulipa kabla ya Oktoba 2027, hulipi riba kabisa. Baada ya hapo huongezeka kila mwaka juu ya deni lililobaki, na aliyekaa miaka ishirini bila kulipa hukuta kiasi kingine kabisa.

Kazi ya makaratasi si kubwa. Tafuta DD 214 yako, ile karatasi uliyopewa ulipotoka jeshini, jaza fomu RI 20-97, uzipeleke ofisi ya malipo ya jeshi (DFAS) wakupe taarifa ya mishahara yako ya zamani. Ikirudi, jaza SF 3108, fomu ya kuomba kulipia miaka hiyo, uambatanishe yote, upeleke utumishi pale kazini. Unaweza kulipa kwa mkupuo au kukatwa kidogo kidogo. Ukimaliza, dai barua ya kwamba umemaliza, uhakikishe imeingia kwenye jalada lako, na nakala ibaki nyumbani anakojua mkeo. Deni lazima liishe ukiwa bado mwajiriwa. Ukishatoka, mlango umefungwa. (Mtumishi akifariki akiwa kazini, mjane wake anaruhusiwa kulipia. Mwambie hilo leo.)

Goti lako halihusiki. Fidia ya ulemavu ya maveterani haiguswi kwa kulipia miaka hii. Wanaopaswa kufikiri mara mbili ni wale waliostaafu jeshini na kupokea pensheni ya jeshi, maana wengi wao hulazimika kuiacha ili miaka hiyo ihamie huku. Wewe hukustaafu, ulimaliza mkataba.

Wikiendi za Gadi hazihesabiki. Kama uliwahi kuitwa kazini kwa amri ya serikali kuu, kipindi hicho kina karatasi zake, kipeleke pia.

Jambo la mwisho: miaka ya jeshi haisaidii kutimiza ile mitano ya kwanza inayokupa haki ya pensheni. Mitano hiyo lazima iwe ya kiraia. Usiache kazi 2028 ukidhani una minane.

Mjomba, nilikaa JKT Mafinga mwaka mmoja, kisha JWTZ miaka sita. Sasa ni mtumishi wa serikali kuu hapa Maryland. Naweza kuilipia?
*Kamanda*

Hapana, Kamanda. Yanayohesabika ni majeshi ya Marekani peke yake. Na ile fomu SF 144 inayouliza utumishi wako wa awali, usiiandikie Mafinga, haiulizi habari hizo. Iweke kwenye wasifu wako unapoomba cheo, huko itasomwa.