Jibu: Ioudaios ni "Myahudi" au "mtu wa Yudea"?

Ndugu, umeuliza kama neno la Kigiriki Ioudaios ni dini au kabila. Kwa asili ni mtu wa Ioudaia, yaani Yudea, kama Mgogo alivyo mtu wa Ugogo. Na Mgogo akihamia Dar hageuki Mzaramo; ndivyo waliokaa Alexandria au Roma walivyobaki kuitwa Ioudaioi (wingi wa Ioudaios).

Ila mambo hayakuishia kwenye ardhi. Fungua 2 Wamakabayo 9:17 (kitabu kilichomo katika Biblia ya Kikatoliki): mfalme Antioko, anaoza kitandani kwa maradhi, anaahidi kwamba naye atakuwa Ioudaios. Sasa mfalme wa Shamu (Siria) atazaliwaje upya Yudea? Hapo neno limeshabeba kumcha Mungu wa Israeli na kuishi kwa sheria zake. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, naye anamsimulia Izates, mfalme wa Adiabene, nchi ya kaskazini mwa Mesopotamia, aliyeona hawezi kuwa Ioudaios kamili bila kutahiriwa. Mama yake akamkataza, akihofia raia watamkataa. Mwishowe akatahiriwa.

Kwa hiyo wataalamu wanaosisitiza "Myudea" peke yake, mimi naona wanabana mno, ingawa wana hoja: mtu wa kale hakutenganisha dini na ukoo kama sisi.

Kiswahili chenyewe kimebeba maana zote mbili, nchi na dini, bila kujua. Katika Biblia ya Union, Yohana 4:3, Yesu "aliacha Uyahudi", maana yake aliondoka jimbo la Yudea. Niliposoma utotoni nilidhani amebadili dini!