Ukienda Transfăgărășan usiishie ziwani, vuka hadi upande wa pili

Wengi nnaowaona wakiposti picha za Transfăgărășan, ile barabara ya milimani kule Romania, wanapanda kutokea mji wa Sibiu upande wa kaskazini, wakifika ziwa Bâlea kule juu wanapiga picha mbili tatu wanageuza. Jamani vukeni yote! Hii barabara inaunganisha Wallachia na Transilvania, na hizi zilikua nchi mbili tofauti kabisa, Wallachia ilikaa karne na karne chini ya kivuli cha Waturuki, Transilvania ikawa ya Hungary na Austria mpaka 1918, sasa ukigeuzia juu umeona mlima tu.

Mi napenda kuanzia kusini, Curtea de Argeș, mji mkuu wa zamani wa Wallachia. Toka mapema, maana kipande cha juu kinafunguliwa saa 1 asubuhi na saa 3 usiku kinafungwa. Unapita bwawa la Vidraru, ukuta wake una mita 166, afu msitu mrefuuu na hapo ndo kwa dubu. Wanakaa pembeni ya lami kabisa wanangoja watalii wawape chakula. Msiwape hata kipande cha mkate, vioo juu, na usishuke garini kutafuta picha. 2025 mtalii wa pikipiki aliuawa na dubu barabara hiihii, na dubu akishazoea kulishwa na yeye mwisho wake ni risasi, inaniuma sana hii.

Juu ni mita 2,042, kuna taneli ya karibu mita 900, unaingilia Wallachia unatokea Transilvania. Nishaingia kwenye jua nikatokea kwenye ukungu mzito, kwahiyo washa taa na jaketi ubebe hata kama ni Agosti.

Kushuka kaskazini ndo zile kona za kwenye picha. Weka gia ndogo, ukikalia breki zitachemka. Na shuka kwa heshima, Ceaușescu, dikteta wa Romania enzi hizo, aliijenga barabara hii 1970 mpaka 1974 ili jeshi liweze kuvuka milima haraka, baada ya Wasovieti kuivamia Czechoslovakia 1968, na kwa hesabu ya serikali tu walikufa wanajeshi 40, wapo wanaoamini ni wengi zaidi.

Ukifika bonde la chini pitia Cârța uone magofu ya monasteri ya karne ya 13, ndo umalizie Sibiu, mji waliojenga Wajerumani. Hapo utaona kabisa uko nchi nyingine.

Kipande cha juu huwa wazi kuanzia mwisho wa Juni hivi mpaka Oktoba, theluji ikiwahi wanafunga. Visa ni Schengen ya kawaida, na kama gari lako halina rovinieta, ile ada ya barabara, lipia mtandaoni kabla hujaingia.