Mtoto akiamshwa na mguu usiku, wacheni kukanda kwanza

Huku kwetu Mombasa mtoto akisema mguu wamuuma dawa ya kwanza ni mafuta na bibi wa kukanda, na akilia usiku aambiwa ni uchungu wa kukua tu. Mimi nimemuuguza mtoto wa dadangu, alikuwa na Ewing sarkoma, aina ya saratani ya mfupa, kwa hivo nasema bila kuficha: uchungu ukimwamsha kila usiku ama uvimbe umekataa kushuka, mpelekeni eksirei. Kukanda hakuondoi kitu, kwawapotezea siku tu.

Maneno yaliyomchosha zaidi dadangu wala si ya daktari, ni ya jamaa. Mara alikula nini akiwa na mimba, mara kijicho, mara ukoo wa nani una saratani. Jamani, huu ugonjwa haurithiwi hivo. Kwenye seli moja tu ya mtoto kromosomu (zile nyuzi zinazobeba jeni) ya 11 na ya 22 zilikatika zikabadilishana vipande, basi jeni ya EWSR1 ikaungana na FLI1 (ndivo ilivyo kwa kama asilimia 85 ya wagonjwa), ikatoka protini ambayo mwili haujawahi kuwa nayo.

Protini ya FLI1 ya kawaida kazi yake ni kushika DNA na kuamua jeni gani iwake. Hii ya kuunganishwa yaenda kukaa pasipo pake: kuna sehemu za DNA ambapo herufi GGAA zajirudia rudia, kwa kawaida zimelala hazina kazi, yani hii protini ikizikalia zageuka swichi, jeni za kukuza seli zawaka ovyo na zengine za kuifanya seli ikomae zazimwa. Na mara nyingi DNA iliyobaki haina kasoro nyingi, muungano huo mmoja ndio wafanya fujo yote! Watafiti waliugundua mwaka 1992, na ugonjwa wenyewe James Ewing aliueleza tangu 1921.

Ndio maana nasisitiza kipimo. Kemo (dawa za kuua seli za saratani) isianze kabla ya biopsi, yani kutolewa kinyama cha uvimbe kikapimwe, na ripoti ikisema CD99 (protini iliyo juu ya seli) imeonekana peke yake ulizeni tena, manake saratani zengine pia huonyesha CD99, mwambieni daktari mwataka EWSR1 ipimwe kwa FISH, kipimo cha alama zinazong'aa kuona kama jeni imekatika. Matibabu ni kemo, halafu upasuaji ama mionzi ama vyote, hapo mtaelekezwa.

Na ile nyama ya biopsi huhifadhiwa ndani ya kipande cha nta. Ulizeni kiko maabara gani, mukipelekwa hospitali ingine kiombeni pamoja na nakala ya ripoti, mtoto asije akatobolewa mara ya pili bure.