Gemu bado bichi: lini uwaite watu walicheze?

"Bado kidogo." Hilo ndilo lilikuwa jibu langu kwa kila aliyeniuliza gemu langu linatoka lini, na nililitoa kwa miezi 14. Nilikuwa natengeneza drafti ya mtandaoni, ile ile ya vizibo vya soda tunayocheza vijiweni, ila wachezaji wawe mbali, mmoja Tandika na mwenzake Mwanza, kila mtu na simu yake. Mchana kazi za watu, usiku drafti. Nilirekodi mlio wa kizibo kikigongwa kwenye ubao mara nyingi mpaka jirani akaniuliza nagonga nini usiku kucha. Nilichora ubao wa mninga, ubao wa mpingo, na ubao wa boksi lililochorwa kwa mkaa. Vilipendeza kweli, na hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa amevigusa zaidi yangu.

Juzijuzi vijana watatu kwa nyakati tofauti wameniuliza jambo moja: gemu limefika hapa, niwaite watu walijaribu au nisubiri? Mimi nimekosea pande zote mbili. Nilichelewa, kisha kwa hasira ya kuchelewa nikawahi. Kwa hiyo angalau mashimo yalipo nayajua.

Kuchelewa kwanza. Siku nilipolipeleka kijiweni nilimpa simu mzee mmoja anayeogopwa pale kwa drafti. "Lete, bwana mdogo, tuone." Hatua ya tano au ya sita hivi, kete yake ikapata nafasi ya kula kwa kurudi nyuma. Gemu likakataa. "Mbona haili?" Nikamweleza kwamba kete ya kawaida hairudi nyuma mpaka iwe kingi. Mzee akanitazama kama nimemwambia ugali unasongwa kwa maji baridi. Jamaa wa pembeni akaniunga mkono, wa tatu akampinga, na kwa nusu saa benchi zima likawa linagombania kanuni huku simu yangu imesahauliwa karibu na birika la kahawa.

Nilikuwa nimeandika kanuni za nyumbani kwetu nikidhani ni za nchi nzima. Kumruhusu mchezaji achague kanuni kabla ya kuanza kulinilazimu kuvunja sehemu yote ya programu inayokagua hatua halali. Wiki tatu hizo. Swali lile ningeliuliza mwezi wa pili, kwa ubao wa miraba ya kijivu na viduara vya rangi mbili, lingenigharimu jioni moja na vikombe vinne vya kahawa.

Sasa kuwahi. Baada ya kurekebisha kanuni nilijiona nimechelewa vya kutosha. Jumamosi moja usiku nikamwaga linki kwenye magrupu saba ya WhatsApp, likiwemo la ukoo na la watu tuliosoma nao sekondari. Walikuja zaidi ya mia tatu. Niliruka kwa furaha kwa dakika kama ishirini. Halafu zikaanza kuingia meseji, na zote zilikuwa na maneno mawili: "haifanyi kazi." Haifanyi kazi wapi? Simu gani? Ukibonyeza nini? Kimya. Seva yangu, ile kompyuta ya mbali inayowaunganisha wachezaji, haikuwa ikiandika chochote cha kunisaidia, kwa hiyo nilikuwa kama fundi aliyeitwa kutengeneza gari ambalo limeshaondoka. Kilichokuwa kikitokea nilikuja kukijua Jumatatu: mchezaji mmoja akipoteza mtandao, mwenzake anabaki anatazama ubao, saa haihesabu, kitufe cha kuondoka hakuna. Anasubiri, anachoka, anaifuta programu. Kufikia wiki iliyofuata walikuwa wamebaki watu 11, na watatu kati yao ni ndugu zangu.

Wale mia tatu sijawahi kuwarudisha. Mtu akija mara ya kwanza akakuta mlango umekwama, hakuandikii barua ya malalamiko. Anaenda zake.

Ndiyo maana mtu akiniambia gemu lake limefika asilimia 70, simsikilizi hiyo asilimia. Namuuliza: watu wawili wasiofahamiana wanaweza kuanza mchezo mmoja na kuumaliza, mmoja akaambiwa ameshinda na mwingine ameshindwa, bila wewe kugusa kitu? Kama jibu ni ndiyo, waite watu wachache leo hii hata kama ubao unatia huruma. Kama jibu ni hapana, usimwite mtu hata kama umechora mbuga nzima ya Serengeti kwenye ukurasa wa mbele.

Mifano mikubwa inaonyesha hivyo hivyo. Gemu la Minecraft lilianza kuchezwa na watu Mei 2009, toleo kamili likatoka Novemba 2011. Ile ya mwanzo ilikuwa kuweka na kubomoa matofali, basi, lakini hicho kidogo kilichezeka. Baldur's Gate 3 ilifunguliwa Oktoba 2020 ikiwa na sura ya kwanza tu ya hadithi, ikakamilika Agosti 2023. Walitoa kipande kimoja kilichoiva na kingine wakakiacha jikoni. Ukitaka kuona upande wa pili, Final Fantasy XIV ilitoka rasmi 2010 ikapokelewa vibaya sana. Seva zake zilizimwa Novemba 2012 na gemu likajengwa upya hadi Agosti 2013. Kampuni kubwa inaweza kumudu msiba wa namna hiyo. Wewe na mimi tunaolipia seva kwa hela ya nauli hatuwezi.

Kwa gemu la mtandaoni kuna kipimo cha pili, na huku kwetu nakiona kizito kuliko cha kwanza: mtandao ukikatika inakuwaje? Nina kajaribio ninakofanya kila nikibadilisha kitu. Nakaa na simu mbili mezani, naanza mchezo, katikati nazima data kwenye moja kwa sekunde 40, kisha nawasha. Ubao urudi ulivyokuwa, kete zikae pale pale, zamu iwe ya yule yule, na upande wa pili mtu awe ameandikiwa kwamba mwenzake anarudi na muda unahesabiwa. Baada ya hapo naipigia simu moja katikati ya mchezo. Hili lilinitesa. Simu yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 2 ikipokea simu inaweza kuifunga programu yako kimyakimya ili ipate nafasi, na mchezaji akimaliza kuongea na shemeji yake anakuta skrini ya kuanzia kama vile hakuwahi kucheza. Mtu anayecheza kwenye daladala hukatika mara tatu kati ya Mbagala na Kariakoo. Gemu lisilovumilia hilo halijafika hatua ya kuonyeshwa mtu, hata mjomba wako.

Na cha tatu, uweze kuona bila kuambiwa. Andika namba ya toleo kwenye pembe ya skrini ili mtu akituma skrinishoti ujue anacheza lipi. Seva iandike kila hatua na saa yake. Wiki ile ya watu mia tatu ningekuwa na mistari hiyo, ningeiona kasoro Jumamosi ile ile kabla sijalala.

Ukishapita hapo, usifungue geti lote. Google Play ina sehemu ya majaribio ya ndani inayochukua hadi watu 100, anza nao. Ukiwa na akaunti binafsi iliyofunguliwa baada ya katikati ya Novemba 2023, kabla ya kuruhusiwa kulitoa gemu kwa umma unatakiwa uwe umelijaribisha kwa kundi maalumu kwa siku 14 mfululizo. Mwanzoni walitaka watu 20, mwishoni mwa 2024 wakashusha hadi 12. Wengi wanaiona kama adhabu na wanakwenda kubadilishana wajaribu, nijaribie nikujaribie, watu wanaofungua programu mara moja na kuisahau. Masharti utayatimiza hivyo, lakini hutajifunza kitu. Maoni ya wajaribu yanakuja kwako faragha, hayagusi nyota zako dukani, kwa hiyo hizo siku 14 ni nafasi ya kuaibika bila kuonekana. Itumie. Kwa iPhone kuna TestFlight, huduma ya Apple ya kujaribishia programu, inapokea wajaribu wa nje hadi 10,000 na kila toleo linaishi siku 90, ila kwa wachezaji wangu iPhone ni za kuhesabu.

Kuna jambo ambalo mtu anayetengeneza gemu la kucheza peke yako halimhusu: wajaribu wako wanahitajiana. Ukiwa na watu 30 na kila mmoja akaingia saa anayojisikia, kila mmoja atakuta kijiwe kitupu na atakwambia gemu limekufa. Mimi niliweka saa. Jumanne na Ijumaa, saa tatu hadi saa nne na nusu usiku, watu wameshaswali, wameshakula na taarifa ya habari imepita. Nje ya hapo anayeingia anacheza na kompyuta, na imeandikwa wazi "Kompyuta". Kuna walionishauri niipe jina la mtu. Sikutaka. Siku wakigundua, hawataamini hata mchezaji wa kweli.

Halafu kuna adabu zetu. Watu wetu hawatakwambia gemu lako ni baya. Yule mzee wa kijiweni, baada ya ugomvi wote ule, alinirudishia simu akasema, "Hongera, bwana mdogo, nzuri." Lakini nilikuwa nimekaa ubavuni mwake na niliona vidole vyake. Alikuwa anaikokota kete kama anavyosukuma kizibo, na gemu langu lilitaka ubonyeze kete kwanza, kisha mraba. Alijaribu mara nne, ikakataa, akaanza kubonyeza kwa nguvu zaidi, kama mtu anayedhani kioo ni kiziwi. Neno hakusema. Ningemuuliza "umeionaje?" ningeondoka na hongera yangu. Kwa hiyo kaa pembeni, funga mdomo, tazama mikono. Usiseme "bonyeza hapo." Na ukitaka kuuliza, uliza ulikwama wapi mara ya mwisho, au ulikuwa unafanya nini ulipoacha. Kipimo ninachokiamini kuliko sifa zote ni mtu kurudi kesho yake bila kukumbushwa kwenye grupu.

Waambie mapema kwamba pointi zitafutwa. Mimi sikusema, nikalisafisha jedwali nilipobadilisha namna ya kuhesabu, na jamaa mmoja aliyekuwa ameshinda mara 61 alinitumia voisi ya dakika tatu ambayo siwezi kuiandika hapa. Alikuwa na haki yake. Siku hizi juu ya jedwali kuna mstari: pointi hizi ni za majaribio, zitafutwa. Na wakikuomba uweke dau la buku ili mchezo uchangamke, na wataomba, kataa. Hapo umeshaingia eneo la Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, tena ukiwa na programu ambayo bado inapoteza kete.

Mimi nipo wapi? Tuko watu 140 hivi, wengi wa Dar, kundi la Mwanza, na wachache wa Mombasa walioletwa na binamu yangu ambao wameshaanza kuniletea kanuni zao. Sijalitoa kwa umma. Nimejiwekea kwamba nitafungua baada ya Ijumaa tatu mfululizo kupita bila mimi kulazimika kuwasha seva upya. Ijumaa iliyopita ingekuwa ya tatu. Saa tatu na dakika 40, michezo 26 ikiendelea, ikaanguka. Nimeshaona mstari uliosababisha, na nimeanza kuhesabu upya.