Maswali ya Wasomaji: Meza ya Kushindilia Risasi na Namna ya Kuifunga Presi

SWALI: Ndugu Mjibu Maswali, mimi ni mlenga shabaha mwenye leseni, na baada ya miaka mingi ya kununua risasi za dukani nimepata kibali cha kujaza upya maganda yangu mwenyewe nyumbani. Nimenunua presi (mashine ya mpini ya kubania maganda) ya hatua moja, ile ya chuma cha kusubu yenye umbo la herufi O, nikaifunga kwa skrubu nne za mbao kwenye meza ya zamani ya kusomea. Baada ya maganda hamsini hivi, skrubu mbili za nyuma zimeanza kung'oka, na miguu ya nyuma ya meza huinuka kila ninapoukandamiza mpini. Rafiki yangu ananishauri ninunue skrubu nene zaidi. Je, kosa liko kwenye skrubu, kwenye meza, au kwangu mwenyewe? – Mlenga shabaha anayeanza

JIBU: Ndugu msomaji, umefanya vyema kutaja kibali tangu mwanzo, kwa sababu ziko nchi ambamo leseni ya bunduki haimpi mtu ruhusa ya kushindilia risasi wala ya kuweka baruti nyumbani, na mwingine anayesoma ukurasa huu anapaswa kulihakikisha jambo hilo kabla hajanunua hata ubao mmoja.

Skrubu zako hazina kosa, na zilizo nene zaidi zitang'oka vilevile, ila zitachelewa kidogo. Wengi hudhani kwamba kinachoibomoa meza ni ile nguvu kubwa inayolisukuma ganda ndani ya kalibu, yaani kile chuma chenye tundu kinachofinyaza ganda lirudi kwenye kipimo chake. Sivyo. Nguvu hiyo huanzia kwenye mchi wa presi (ile nguzo inayolipandisha ganda) na kuishia kwenye kalibu, na kwa kuwa mchi na kalibu vimeshikwa na fremu moja ya chuma, inabaki humohumo ndani ya presi, kama ugomvi wa mke na mume usiovuka kizingiti. Kinachofika mezani ni nguvu ya mkono wako peke yake, lakini inafika ikiwa imekuzwa na urefu wa mpini.

Tuseme unakandamiza kwa nguvu ya kilo 20, na kiganja chako kiko sentimita 40 mbele ya ukingo wa meza. Kitako cha presi kinaegemea ukingo huo na kutaka kubinuka, nacho kinazuiwa na skrubu za nyuma zilizo umbali wa sentimita 8 tu kutoka ukingoni. Zidisha 20 kwa 40, kisha gawanya kwa 8, utapata kilo 100 zinazozivuta skrubu hizo mbili wima kwenda juu kila unapofinyaza ganda moja. Kisha, unapourudisha mpini na kile kitufe cha kutanulia shingo kikapita ndani ya ganda, mvuto unageuka na kuzielemea skrubu za mbele. Msukosuko huo wa kwenda na kurudi huzisaga nyuzi za mbao mpaka tundu linakuwa unga, na ikiwa meza yako ni ya chipbodi, kama zilivyo meza nyingi za kusomea, unga huo ulikuwamo tangu kiwandani.

Dawa yake ni bolti zinazopenya meza nzima na kufungwa kwa nati upande wa chini. Bolti za milimita 8 zinatosha kwa presi nyingi, ila kipimo cha haki ni tundu la kitako cha presi yako, kwa maana bolti inayocheza ndani ya tundu haishiki kitu. Chini ya meza usiweke washa ndogo ambayo itazama ndani ya mbao kama kidole kwenye unga uliokandwa, bali weka bamba la chuma lenye unene wa milimita 5 au 6, lililotobolewa matundu yaleyale, ili mvuto usambae. Tumia nati zenye kizuizi cha plastiki ndani, zile zisizolegea kwa mtikisiko, na uzikaze tena baada ya maganda mia ya mwanzo, kwa kuwa mbao hubonyea kidogo zinapozoea mzigo.

Uso wa meza nao unataka unene. Mimi napenda karatasi mbili za plaiwudi ya milimita 18 zilizogandishwa kwa gundi ya mbao na kupigwa skrubu kutoka chini, ambazo kwa pamoja zinatoa milimita 36 zisizopinda wala kupasuka kama ubao mmoja mpana unavyopasuka. Wapo wanaotumia mlango wa mbao ngumu, nao unafaa, mradi uwe mzito kote, kwa maana milango mingi ya siku hizi ni ngozi mbili nyembamba zenye karatasi katikati. Presi uifunge karibu iwezekanavyo na mguu wa meza wa mbele. Ukiifunga katikati ya miguu miwili, uso wa meza utapinda kama upinde hata ukiwa mnene, nawe utadhani kwamba bolti zimelegea.

Kabla ya kutoboa chochote, iweke presi mahali pake, mtu aishike, kisha uushushe mpini mpaka mwisho na kuupandisha mpaka mwisho. Katika presi nyingi za aina yako, mchi na mikono inayousukuma hushuka mbele ya ukingo wa meza, kwa hiyo kitako lazima kitokeze kidogo, vinginevyo mikono hiyo itaukwaruza ubao kila mara. Tazama pia chini ya uso wa meza. Meza yangu ya kwanza ilikuwa na ubao wa kuunganisha miguu ya mbele, nami sikuukumbuka mpaka keekee ilipokuwa imekwisha kuingia nusu. Bolti mbili ziliangukia juu ya ubao huo hasa, nikalazimika kuukata pengo ili nati zipite, na meza ikapoteza pale pale ugumu niliokuwa nimeutafuta kwa siku mbili za kazi.

Sasa kuhusu miguu inayoinuka. Hesabu ni ileile, ila safari hii meza nzima ndiyo wenzo. Mkono wako unasukuma chini kilo 20 kwa umbali wa sentimita 40 mbele ya miguu ya mbele, yaani 800, ilhali meza yenye uzito wa kilo 25 na kina cha sentimita 60 inajibu kwa uzito wake wote ukiwa katikati, sentimita 30 nyuma ya miguu hiyo, yaani 750. Umeishinda. Unaweza kuifunga meza ukutani, na hiyo ndiyo njia ninayoipendelea: ukuta wa tofali au zege uutoboe na kutumia bolti za kutanuka, na ukuta wa mbao utafute nguzo zilizo ndani yake, usiridhike na ubao wa juu. Usiporuhusiwa kutoboa ukuta, jenga rafu ya chini karibu na miguu ya nyuma na uipakie vitu vizito. Masanduku ya vichwa vya risasi hufanya kazi hiyo bila malipo, kwa kuwa viini vya vichwa hivyo kwa kawaida ni madini ya risasi, na hapa lugha yetu inatuchezea kidogo kwa kuyapa madini na kinachotoka bundukini jina moja.

Uliuliza kama kosa ni lako. Huenda lipo dogo: mtu anayelazimika kuusukuma mpini kwa uzito wa mwili wote mara nyingi ameyapaka maganda mafuta kidogo mno, na ganda lisilo na mafuta ya kutosha hukwama ndani ya kalibu. Kagua mafuta kabla ya kuilaumu meza.

SWALI: Meza iwe na kimo gani? Mgongo unaniuma baada ya nusu saa. – Msomaji mrefu

JIBU: Anayesimama na anayeketi hawawezi kushirikiana meza moja wakaridhika wote. Kwa kazi ya kusimama, watu wengi hufaa na uso wa meza ulio kati ya sentimita 95 na 105 kutoka sakafuni, na kwa kazi ya kuketi kwenye kiti cha kawaida karibu sentimita 75. Usiamini namba hizo kuliko mwili wako. Ifunge presi kwa muda kwenye ubao, iinue kwa matofali au magogo, kisha uuzungushe mpini bila ganda. Ukiwa juu kabisa, mkono usivuke bega, na ukiwa chini kabisa, kiuno kisiiname. Mtu mrefu mwenye meza fupi anaweza kununua kiinuzi cha chuma kinachowekwa chini ya presi badala ya kujenga meza upya, lakini ajue kwamba kila sentimita anayoiongeza hapo inampa mtikisiko zaidi, na bamba la chini ya meza linakuwa la lazima.

SWALI: Nina presi ya hatua moja, presi ya kuzunguka inayofanya hatua zote kwa mfululizo, na jiliwa, lakini meza yangu ina urefu wa mita moja na robo tu. Je, nitoboe matundu ya zote? – Mwenye chumba kidogo

JIBU: Usiifanye meza yako chujio. Chagua sehemu moja iliyo juu ya mguu, uzamishe bamba la chuma ndani ya uso wa meza mpaka lilingane nao, na ulifunge moja kwa moja. Kila chombo kipate bamba lake dogo lenye matundu manne yanayolingana na ya bamba kuu, kisha ukitaka kubadilisha chombo unafungua bolti nne na kukiweka kingine kwa dakika chache. Reli za alumini zenye mfereji, zinazouzwa kwa mafundi seremala, zinafaa kwa kikata shingo na vyombo vingine vyepesi. Kwa presi inayofinyaza maganda ya bunduki kubwa sizipendekezi, kwa kuwa midomo ya mfereji hutanuka polepole na hutaiona ikitanuka.

SWALI: Mizani yangu ya mkono inasoma tofauti kila ninapolirudisha bakuli lilelile lenye baruti ileile. Je, imeharibika? – Msomaji mwenye wasiwasi

JIBU: Iweke kwanza mahali pengine kabla ya kuitupa. Mizani hizi hupima mpaka sehemu moja ya kumi ya greni, yaani kama miligramu 6.5, na kwa kiasi kidogo hivyo upepo wa feni, pumzi yako mwenyewe na mtetemo wa meza vyote vina uzito. Mahali pake ni rafu ndogo iliyofungwa ukutani, isiyogusa meza, iliyosawazishwa kwa pimamaji, na iliyo kwenye kimo cha macho yako ukiwa umeketi au umesimama kama unavyofanya kazi, kwa sababu mshale unaotazamwa kutoka juu au chini hudanganya.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba uimara wa meza ni starehe tu. Kipimio cha baruti hakipimi uzito. Kinapima ujazo, na chembe zinazotikiswa hushikamana, kwa hiyo ujazo uleule hubeba uzito mkubwa zaidi. Meza inayotetemeka kwa namna tofauti kila mara inatoa vipimo tofauti kila mara. Katika presi ya mfululizo mambo huwa mabaya zaidi, kwani kipimio kiko juu ya presi yenyewe, na sahani inayoshika maganda inapogeuka kwa kishindo ganda lililojaa karibu na mdomo hurusha chembe nje, likabaki na upungufu usioujua. Jaribu hivi: weka bilauri ya maji mezani na ufinyaze ganda moja. Ukiona mawimbi yakichelewa kutulia, rudi kwenye bolti na miguu kabla ya kugusa skrubu za kipimio.

Mwanga ni sehemu ya jambo hilohilo. Elekeza taa ndogo ya LED moja kwa moja ndani ya mdomo wa ganda, ili uone kimo cha baruti katika kila ganda kabla ya kuketisha kichwa. Taa ya dari huishia kwenye kivuli cha kichwa chako.

SWALI: Kona pekee niliyo nayo ni ya gereji, yenye zulia, karibu na hita ya maji ya gesi. – Asiye na nafasi

JIBU: Hapo usijenge. Hita ya gesi mara nyingi ina mwali mdogo unaowaka muda wote, na baruti haipaswi kukaa chumba kimoja na mwali wowote. Hata hita ikihamishwa, zulia liondoke, kwa maana hushika chembe za baruti pamoja na vumbi la fataki (vile vikombe vidogo vya kuwashia baruti kwenye kitako cha ganda) zilizotumika, ambalo kwa kawaida lina madini ya risasi yenye sumu. Sakafu iwe ya saruji au vigae, na ifutwe kwa kitambaa chenye maji. Baruti iliyomwagika izolewe kwa brashi na kizoleo, kamwe isivutwe kwa mashine ya kufyonza vumbi ya kawaida, ambayo mota yake hutoa cheche. Usile mezani hapo, na unawe mikono kabla ya kugusa kitu kingine.

Usijenge ghala ndani ya meza. Juu yake iwepo baruti ya aina moja tu, ile unayoitumia saa hiyo, na ukimaliza uirudishe ndani ya kopo lake la asili badala ya kuiacha kwenye kipimio mpaka kesho. Fataki zibaki katika vifurushi vyake vya kiwandani, kwa kuwa zikimiminwa pamoja ndani ya chupa, fataki moja inaweza kulipuka na kuzilipua zote. Akiba ikae katika kabati la mbao lenye kufuli, mbali na joto. Watu huniuliza kwa nini lisiwe sanduku zito la chuma, na jibu ni kwamba baruti isiyo na moshi ikiwaka mahali wazi huungua kwa kasi, lakini ikiwaka ndani ya chombo kisichoachia, shinikizo hupanda mpaka chombo chenyewe kinageuka bomu. Mbao huachia mapema.