Kasuku ananing'ata na anapiga mayowe, nimfanyeje?

SWALI: Shikamoo babu. Niko Maskati, shemeji yangu alihama akatuachia kasuku wake, yule wa kijivu mkia mwekundu. Nikishika simu tu niongee na mamaangu Zanzibar basi anaanza mayowe mpaka mama anauliza huko kuna nini. Nikitia mkono tunduni ananing'ata, juzi damu ilitoka. Mume wangu anagonga tundu kwa ndara lakini wapi. Ndo tabia yake huyu au tumemharibu sisi?
Mama Wawili

JIBU: Marahaba mjukuu wangu, pole kwa kidole. Hiyo ndara irudi mlangoni kwanza. Huyo ndege hana roho mbaya, anafanya kinachomlipa basi. Uko kwenye simu, yeye anapiga yowe, wewe unageuka, bwana anakuja mbio na makelele yake, kwake hiyo ni sherehe, kapata watu wawili kwa mpigo! Na kung'ata hivyohivyo, anang'ata mkono unatoka, kashinda, kesho hatangoja.

Sasa geuza malipo. Mbegu za alizeti zitoe kwenye chakula cha kila siku, ziwe mshahara tu (parachichi usimpe hata kidogo, ni sumu kwake). Kabla hujapiga simu mpe karatasi uliyoviringa mbegu ndani ahangaike nayo. Akinyamaza hata sekunde tano, au akipiga mluzi badala ya yowe, sema "vizuri" na mbegu hapohapo, ukichelewa atadhani unamlipa kwa jambo jingine. Akipiga yowe usimtazame, usimfokee. Siku za mwanzo atazidisha, nakwambia mapema, maana njia iliyokuwa inamletea watu imegoma, na ukichoka siku ya tatu ukamjibu ndo umemfundisha apige zaidi. Ila kelele kidogo za asubuhi na magharibi muachie, ndege wote wanaitana saa hizo.

Kule Marekani mtafiti wa akili za ndege, Irene Pepperberg, alikuwa na kasuku wa aina hiyohiyo, Alex, alimnunua 1977, ndege huyo akafa 2007 akiwa anajua majina ya vitu kama 50. Akitaja kitu sawasawa anapewa kitu chenyewe. Hakuna ndara hapo.

Mkono uache kwanza. Anza na kijiti, akikigusa kwa mdomo, mbegu. Kisha akanyage kijiti, mbegu, halafu siku baada ya siku kidole chako kikisogelee kijiti mpaka apande mkononi mwenyewe. Dakika tano zatosha, mara mbili kwa siku, acha angali anataka. Ukiona mboni za macho zinapanuka na kusinyaa harakaharaka na manyoya ya shingo yamesimama, toa mkono kabla hajang'ata, usimlazimishe.

Akianza kujinyofoa manyoya, au ukali umekuja ghafla tu hivi karibuni, mpeleke kwa daktari wa wanyama kwanza, alizeti baadaye.